Mtani Wangu na Nyumba ya Mtumishi

Nilipokuwa mtoto nilianguka kutoka mnazini. Mnazi wenyewe haukuwa wetu, na hiyo ndiyo sababu ya kuanguka, kwani nilimsikia mwenye mnazi anakohoa njiani nikaanza kushuka mbio, na mnazi haushukwi mbio. Baba yangu alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya watu huko Mwera na mashamba yote ya upande ule wa Pangani, na alikuwa akituambia kwamba kupanda ni miguu, kushuka ni akili. Siku ile miguu nilikuwa nayo. Mkono wa kushoto ukavunjika chini ya kiwiko, na yule mwenye mnazi, badala ya kunichapa, alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, akatuachia na nazi nilizokuwa nimeziangua. Mpaka leo sijui zile nazi zilikuwa sadaka au matusi.

Hospitali ilikuwepo Pangani mjini, lakini mama hakutaka hata kuisikia. Aliitwa bibi mmoja aliyekuwa akiunga mifupa. Waliowahi kuungwa wanajua: muungaji anavunja kwanza mguu wa kuku. Anamfunga kuku kwa vijiti na dawa ile ile anayokufungia wewe, kisha mnakaa, wewe na kuku, mnangojana. Siku kuku akikanyaga chini, na wewe unafunguliwa. Basi nikakaa barazani na yule kuku, tetea mwekundu, tunatazamana kama wake wenza. Nilimchukia, maana yeye alitupiwa mtama na mimi nikapewa uji. Kuku akapona vizuri sana. Mimi nilipofunguliwa, mkono ulikuwa umepinda kama mundu. Bibi akautazama, akasema, "Jembe utashika," akamkwapua kuku akaenda zake. Kuku ndiye ujira wake. Hakuna aliyembishia, wala hakuna aliyemuuliza mwajiri wake ni nani.

Kwa mkono huo nilikwenda shule mpaka darasa la tatu, nikaacha, si kwa sababu ya mkono bali kwa sababu ya mwalimu aliyetufanya tumchotee maji mpaka tukasahau kusoma. Lakini hayo yapite. Jembe nilishika kweli, kama alivyosema bibi. Nikaoa, nikahamia kijiji cha mke wangu, huku kati ya Tongoni na Pangani, nikalima mihogo na minazi yangu mwenyewe, ambayo sikuipanda mbio wala kuishuka mbio. Mkono ulininyamazia miaka mingi. Uzee ulipoingia ukaanza kusema, hasa wakati wa kipupwe, na ndipo nilipoanza kwenda zahanati, na huko ndiko nilikomkuta mtu ninayetaka kusimulia habari zake.

Zahanati yetu ni jengo la zamani la serikali, lenye vyumba vichache na baraza ya kukalia. Alikuwa ameletwa muuguzi mpya, mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye kifua kipana. Tulimwita daktari, kwani kijijini mwenye sindano ni daktari, akatukataza siku za mwanzo kisha akachoka kutukataza. Nilipomnyooshea mkono wangu aliushika, akaugeuza huku na huku, akaniuliza, "Huu umeshonewa na fundi cherehani gani?" Watu waliokuwa barazani wakacheka. Mimi nikamwuliza na yeye katoka wapi hata ajue mkono ulionyooka unafananaje. Akaniambia amezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Muheza, lakini babu yake alikuja na manamba, wale vibarua walioletwa kutoka bara kukata mkonge. Mnyamwezi. Nikasimama palepale, mkono unauma hivyo hivyo, nikamwambia, "Mimi Mzigua. Nipe hicho kiti ulichokalia, mtumwa wangu wewe." Akainuka, akanipa kiti, akasema, "Kaa. Mzigua akisimama sana anasinzia."

Kwa asiyejua, nieleze. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Utani huu tuliukuta, walioufunga ni wazee wa wazee wetu, wengine wanasema kwa vita, wengine kwa safari za mizigo zilizokuwa zikishuka pwani. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akabeba kikapu cha embe, nawe huna la kusema. Kwenye msiba wako anakuja kulala mbele ya jeneza na kudai alipwe ndipo maiti apite, na waliofiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Neno la mtani halichukiwi. Ndiyo sheria yake, na ni moja tu: mtani akisema, unacheka, kisha unamrudishia zito zaidi.

Tukafanya hivyo miaka. Yeye alikuwa akija kwangu kula mihogo ya nazi na uduvi, anachota mwenyewe chunguni, mke wangu anajifanya kumfukuza na mwiko. Mimi nikienda zahanati nakunywa chai yake na sukari yake, nikimwambia babu yake tulimnunua kwa chumvi, kwa hiyo sukari ni faida. Watu walikuwa wakija kupima presha kumbe wamekuja kutusikiliza. Alikuwa Mkristo, Mkatoliki, rozari yake inakaa mfuko wa shati, lakini wanawake waliojifungulia mikononi mwake wanasema alikuwa akiwaambia, "Sema Bismillahi mama, sukuma." Nusu ya watoto wanaokimbia sasa pale uwanjani ni yeye aliyewapokea.

Kwenye mambo ya mshahara hakuwa akilalamika sana, ila alikuwa akiyatania. Alisema mshahara wa serikali ni kama jamaa wa mbali, unakuja kukusalimia halafu unaondoka kesho yake. Kupandishwa daraja alikosubiri kulikuwa kumefika, kukarudi, kukapotea. Mkaa wa kuchemshia vyombo vyake vya kazi alinunua mwenyewe. Hayo tuliyaona wote, tukayacheka wote.

Ndipo ukaja mradi.

Sisemi vibaya juu ya mradi, na nitakayemsema hapa ni mimi kwanza. Lilikuwa shirika la hisani, lenye wafadhili wa nje, na walikuja kusaidia mama na mtoto. Wakaleta mizani mipya, wakaleta vyandarua, wakachimba kisima ambacho maji yake hayana chumvi sana. Wakajenga wodi ya wazazi, nyeupe, yenye vigae, vitanda vyake mpaka leo havijavuliwa nailoni. Na wakaleta kitu ambacho hatukuwa nacho, nacho ni posho. Ukihudhuria mkutano wa mradi unapewa posho na soda. Ukileta mtoto kliniki siku ya mradi unapewa sabuni. Haikuchukua muda, watu wakaacha kuleta watoto siku ambazo si za mradi. Mtoto anaharisha, mama anamwambia jirani, "Nangoja siku ya sabuni." Mtani wangu akabaki anafunga na kufungua mlango. Mtoto akizidiwa ndipo anapelekwa kwake, tena usiku, tena mikono mitupu.

Mradi ulihitaji vijana wa kupita nyumba kwa nyumba kuhamasisha. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, anasuka ukili na kununa. Aliyemfundisha kupima watoto ni mtani wangu. Alimweka pale barazani, akamwonyesha jinsi ya kumning'iniza mtoto kwenye mzani asilie, jinsi ya kusoma mkono wa mtoto kama umekonda. Alimfundisha bure, kwa utani, anasema anamfunza mtoto wa bwana wake. Mradi ulipokuja kuuliza nani anajua kazi hii, binti akawa anajua. Wakampa fulana, wakampa pikipiki, wakampa na mshahara.

Huo mshahara ndio ulionipa haya ya kwanza. Binti alimnong'oneza mama yake, mama yake akaninong'oneza mimi. Ulikuwa unapita ule wa mtani wangu, wala si kwa kidogo. Yeye mwenyewe alijua. Mambo hayo hayafichiki. Akanijia na kusema, "Mwanafunzi kampita mwalimu. Sasa na wewe umekuwa tajiri, utanikomboa lini?" Nikacheka. Nikamrudishia kitu, sikumbuki nini. Lakini ule mwezi binti akanunua bati, tukaezua makuti ya nyumba yangu, na kila mvua ikinyesha nikawa nasikia juu ya kichwa changu kitu ambacho hakikuwa haki yangu. Nikawa nalala hivyo hivyo. Mtu huzoea.

Sasa nifike kwenye nyumba. Pembeni ya zahanati kuna nyumba ya mtumishi, ya serikali, iliyojengwa zamani ili muuguzi akae karibu na wagonjwa. Paa lake lilianguka kabla hata huyu mtani hajaletwa. Yeye alikuwa akilala kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, pamoja na maboksi ya dawa, kitanda kimoja kimeegemea rafu. Mke wake na watoto walikuwa Tanga mjini, Usagara, wamepanga chumba, naye alikuwa akienda kuwaona mwisho wa mwezi kama mtu anayekwenda kuhiji. Mradi ulipokuja ukaikarabati ile nyumba. Bati jipya, tangi la maji, taa za sola, dirisha lenye nyavu. Sisi tukasema alhamdulillahi, daktari kapata kwake. Naye akaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Nyumba ilipokamilika wakaingiza meza, na makabati, na pikipiki, ikawa ofisi ya mradi, na vyumba vya nyuma wakalala vijana wao, binti yangu akiwa mmoja wao.

Alikwenda wilayani kuuliza. Wakamwambia nyumba imekarabatiwa na wafadhili, waulize wafadhili. Akawauliza wa mradi. Wakamwambia kwa upole sana kwamba wao hawashughulikii makazi ya watumishi wa serikali, mwajiri wake ni serikali, aiulize serikali. Akauliza serikali ya kijiji, wakamwambia yeye si ana mshahara, apange. Walimpiga danadana kama mpira wa matambara.

Alasiri moja nilimkuta nyuma ya zahanati, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anachemsha mikasi. Nilikuwa nimeshaandaa neno la kumrushia. Akaniwahi.

"Mtani, leo nizungumze na wewe bila utani."

Nikakaa juu ya debe.

Akasema mke wake amechoka. Amemwambia masika ya mwaka huu hayamkuti tena na mume wa mwisho wa mwezi. Ama waishi pamoja ama kila mtu ajue lake. Na mjini kuna hospitali ya watu binafsi imemwita, mshahara wenye afadhali, kazi ya zamu. "Mimi sitaki mjini," akasema. "Huku nimezoea. Wakinipa nyumba ile, mke na watoto wanakuja, na mimi nabaki hapa mpaka nistaafu, nizikwe hapa mje kudai kwenye jeneza langu. Wasiponipa, naondoka. Sikutishi. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ni mzee wa kamati ya zahanati." Akakoroga maji kwa kibanio, kisha akaongeza polepole, "Na ni baba wa binti."

Nikamwambia nitasema. Nilimaanisha, wallahi.

Jioni ile nikamwambia binti. Hakukasirika. Alisema yeye yuko tayari kurudi kulala nyumbani hata kesho, lakini nyumba haitakuwa ya daktari kwa yeye kutoka, wataweka mwingine au watajaza makaratasi. "Baba, mimi sina ukubwa huo," akasema. Alikuwa na haki. Nikaenda kwenye kamati ya zahanati, ambayo mimi ni mjumbe kwa sababu ya mvi tu. Nikasimama nikasema mtani wangu apewe nyumba. Mwenyekiti akainua kichwa, akaniuliza, "Leo kakupa nini huyo, sukari au chumvi?" Wote wakaangua kicheko. Nikasema nasema kweli. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akanipigapiga bega akisema sisi wawili tutawavunja mbavu. Wakaingia ajenda nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tatizo letu. Miaka yote ile tulikuwa tumewazoesha watu kwamba kila neno linalotoka kwangu kuhusu yeye, au kwake kuhusu mimi, ni la kuchekwa. Sikuwa na mdomo mwingine wa kumsemea. Na yeye hakuwa na mtu mwingine kijijini wa kumwomba, maana aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni mimi.

Ikabaki siku ya makabidhiano. Wodi ya wazazi ilikuwa inakabidhiwa rasmi, na anakuja mgeni kutoka wilayani, na mkubwa wa lile shirika, mama mmoja aliyetoka kwao ng'ambo. Nikachaguliwa kuwa mzee wa kutoa shukrani. Nikamwambia mtani wangu, siku hiyo nasema mbele yao wote, hapo hapana wa kuahirisha. Akanipa mkono. Nadhani ndiyo mara pekee tuliyopeana mkono bila kuvutana.

Siku yenyewe kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, pilau inanukia tangu asubuhi. Wanawake wa kikundi wakaimba wakiwa wamevaa kanga sare zilizotolewa na mradi. Mgeni wa wilayani akasema serikali peke yake haiwezi, ndiyo maana tunao wadau. Yule mama akasema kwa lugha yake, binti yangu akawa anatafsiri, maana yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha pale, akasema wamefurahi kuona jamii inaimiliki huduma. Mtani wangu alikuwa amekaa pembeni, kwenye benchi, kwa sababu viti havikutosha. Hakuna aliyemtaja. Nadhani hawakukusudia. Ratiba ilikuwa imejaa.

Nikaitwa. Nikashika kipaza sauti. Nikashukuru wodi, nikashukuru kisima, nikashukuru sabuni. Kisha nikasema, "Lakini kuna jambo moja la mtani wangu."

Niliposema tu mtani wangu, vigelegele. Sikuwa nimemaliza. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, "Mwambie huyo mtumwa wako ainuke tumwone!" Watu wakapiga makofi, wakamvuta mtani wangu mpaka mbele, wamemshika mikono huku na huku kama bwana harusi. Nikasema anahitaji ile nyumba. Wakacheka. Nikasema analala na maboksi. Wakazidi. Nikamtazama, naye akanitazama, na nikaona anaamua kitu. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

Nadhani aliona kwamba njia iliyo wazi ni ile moja tu. Akasema kwa sauti yake ya utani, ile kubwa:

"Mabibi na mabwana, mimi ni mtumwa wa huyu mzee. Nimewazalisha wake zenu, nimewachoma sindano waume zenu, sindano wanazikimbia kuliko polisi. Bwana wangu huyu ana binti. Nilimfundisha kazi. Sasa binti analala kwenye nyumba ya mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali analala na panya wa bohari. Jamani, hata mtumwa hulala uani kwa bwana wake. Nipeni nyumba. Nisipopewa nyumba naondoka."

Watu walikuwa chini kwa kicheko. Mzee mmoja alidondosha kofia. Mgeni wa wilayani alikuwa anajifuta macho kwa leso. Kila neno lilikuwa kweli, na alilisema mbele ya watu wote waliokuwa na uwezo wa kumpa, na kwa kuwa alilisema kama mtani kwa mtani, hakuna hata mmoja aliyelisikia. Yule mama mgeni akainama kwa binti yangu akauliza, naona aliuliza wanacheka nini. Binti akasita. Nilimwona anasita. Kisha akasema neno fupi, yule mama akatabasamu na kupiga makofi taratibu. Baadaye nilimwuliza alimwambia nini. Akasema, "Nilimwambia ni utani wa makabila yetu. Baba, ningesemaje pale?"

Na mimi. Ilikuwa zamu yangu. Mtu akikurushia utani namna ile, uwanja mzima unakugeukia, wanangoja umrudishie, na kama hukumrudishia umeaibika wewe na kabila lako. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, jamani, huyu leo hatanii. Mdomo wangu ukatangulia kama ulivyozoea.

"Uondoke uende wapi?" nikamwambia. "Nani atakununua, na mkonge umeshashuka bei?"

Lo. Sijawahi kusema neno likapendwa vile. Wanawake walinijia kunitunza, wakanifunga kanga shingoni. Ngoma ikapigwa. Mtani wangu alicheka pia, alicheka kama inavyotakiwa, akanirudishia kipaza sauti, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Ratiba ikaendelea, utepe ukakatwa.

Wakati wa pilau nilimtafuta. Hakuwa turubaini. Nilimkuta ndani ya zahanati ya zamani, amemshika mtoto mwenye homa, anampangusa kwa kitambaa cha maji, mama yake amekaa na sahani ya pilau mapajani hajaigusa. Nikasimama mlangoni na kanga yangu shingoni, nikamrushia neno dogo tu, la kupatana. Akamlaza mtoto. Akafuta mikono. Akainamisha kichwa kidogo, akasema:

"Shikamoo, mzee."

Miaka yote hajawahi kunipa shikamoo. Mtani hampi mtani shikamoo; tukikutana asubuhi alikuwa akiniambia, umeamka kweli wewe au wamekuegesha? Wazee wengine wote aliwaamkia, mimi hapana, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu. Shikamoo haikataliwi. Nikasema marahaba. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Akarudi kwa mtoto.

Tangu siku ile nikawa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Nikienda na mkono wangu, ananiambia, karibu mzee, kaa hapa, unauma tangu lini. Ananipa dawa, ananieleza mara mbili ili nisisahau. Kazi yake hakuipunguza hata kidogo. Kwangu hakuja tena kula. Mke wangu alikuwa akipika akibakiza, baada ya siku tatu nne akaacha kubakiza. Nilitaka kumwendea kumwomba radhi, lakini kuomba radhi kwa neno la utani ni kitu ambacho hakipo kwetu, hakina hata maneno yake. Ningeanzia wapi? Nikaenda tena kwa mwenyekiti, peke yangu, nikamwambia yule mtu anaondoka. Akasema, "Hata mimi nilisikia. Umesahau wewe ndiye uliyemjibu?" Akalirudia neno langu lote, kwa sauti yangu, na kucheka.

Neno lile lilisafiri. Nilikwenda Tongoni kwenye arobaini ya mkwe wetu, mtu nisiyemjua akanisimulia kama kichekesho kipya alichokisikia sokoni, bila kujua kwamba aliyelisema ni mimi. Nikacheka naye. Ndivyo nilivyo.

Masika yakakaribia. Asubuhi moja nilikuwa kando ya barabara, nafunga ua wangu kwa kuti. Kutoka pale naiona baraza ya zahanati yote. Ilikuwa si siku ya mradi, kwa hiyo walikuwepo wachache. Nilimwona anawaita mmoja mmoja. Alipomaliza wa mwisho alitoka akanawa mikono kwenye ndoo, akavua koti lake jeupe, akalitundika msumarini ndani, akafunga mlango. Ufunguo akampa mama anayefanya usafi, akamwelekeza kitu kwa kidole, yule mama akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua begi lake, la kawaida, lile la mwisho wa mwezi, ila haukuwa mwisho wa mwezi.

Akapita mbele ya ile nyumba. Pikipiki ya binti yangu ilikuwa imeegeshwa barazani. Akapita mbele ya wodi. Akafika usawa wangu, upande wa pili wa barabara, akanyanyua mkono kama unavyomsalimu mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimeshika kuti, na kamba iko mdomoni. Niliitoa kamba. Nikataka kumwita, na kitu pekee nilichozoea kumwita ni kile kile, mtumwa wangu. Nikairudisha kamba mdomoni.

Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo kando yake, akamwambia kitu. Akatikisa kichwa. Akaendelea kwa miguu kuelekea Tongoni, kwa mwendo wake wa siku zote, begi begani, mpaka penye kalvati barabara inapokata, akakata nayo. Hakurudi.